Chachu ya Bulla Tuta

Jumanne tarehe thelathini Aprili, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, jua likiwa bado halijachomoza vizuri, maji ya Tana yalipita nyuma ya nyumba yangu, yakazunguka choo cha mwalimu Morris, yakaenda kukutana na maji mengine yaliyokuwa yametokea upande wa barabara. Yalipokutana, Bulla Tuta, mtaa wetu, ikawa kisiwa. Jana yake tulikuwa watu wa Garissa kama watu wengine. Siku hiyo tukawa nyumba tisa juu ya tuta, na matangi ya maji ya mtaa wa Galbet tunayaona kwa mbali kama vitu vya nchi nyingine.

Redio ilitutangazia tuhame wakati kuku wangu walikuwa tayari wako juu ya paa.

Mimi si msomi, niliishia darasa la nne. Lakini najua maji ya mto hayashuki kutoka juu bila kuonekana na mtu. Huko juu kuna mabwawa, na kwenye mabwawa kuna watu wa kofia ngumu wanaolipwa kuyaangalia. Waliyaona. Walijua yanakwenda wapi na yatafika kwa nani. Wakanyamaza mpaka yakafika. Nilimpigia chifu, simu yake ikawa mteja hapatikani. Nilimpigia yule kijana wa ofisi ya kaunti aliyekuja wakati wa kura na fulana, naye akawa mteja.

Ni watu wale wale. Mke wangu Mueni alipougua, gari la wagonjwa lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Dereva alikuwa amekaa kivulini hospitalini anatafuna mirungi. Aliniambia nisubiri, nikasubiri, na Mueni hakusubiri. Tangu hapo nikawa mtu wa kusema. Nilisema sokoni, nilisema kwa kinyozi, nilisema kwenye baraza, mpaka chifu akawa hafungui kikao kabla ya kuuliza kama fundi amekuja. Fundi ndiye mimi, Kinoti, fundi wa mawe kutoka Meru. Hapa Bulla Tuta hakuna aniitaye jina lingine.

Mueni alikuwa muoka mikate. Nilimjengea tanuri la matofali uani, mdomo wake ukitazama mashariki, na kwa miaka mingi bulla nzima iliamka na harufu yake. Alipokufa niliziba mdomo wa tanuri kwa bati nikaweka jiwe. Majirani walikuja kuuliza kama nitaliwasha tena au nitaliuza. Niliwajibu vibaya, wakaacha kuuliza. Baadaye wakaacha kuja.

Kwa hiyo Alhamisi, niliposikia watu wengi nje ya ua wangu, nilidhani boti ya kutuokoa imefika.

"Fundi, uko hai?" Ilikuwa sauti ya Rukiyo.

"Niko."

"Basi toka tukuone. Mtu hai anajifungia kama maiti?"

Rukiyo ni mjane, mzaliwa wa Lafey huko Mandera, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, na ulimi wake ni hiyo fimbo yenyewe. Nyuma yake alikuwa Alio, jirani yangu, aliyekuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa punda. Punda alikuwa amekwenda na mto. Alikuwepo pia Abdullahi mwenye duka, na Samsam, mke wa mtoto wa Rukiyo, amembeba mtoto mgongoni.

"Unga ninayo," Abdullahi alisema. "Gunia za juu hazikuguswa. Kitu hatuna ni kuni. Makaa yote imelowa."

"Kila nyumba ikiwasha jiko yake, kesho hakuna kuni," Alio akasema. "Lakini tanuri moja, moto moja, watu wote wanakula. Tumefikiria hivyo."

"Kaunti inasemaje?" nikauliza. "Boti ziko wapi? Bajeti ya mafuriko imekwenda wapi? Kila mwaka wanasoma bajeti ya mafuriko, mafuriko yakija..."

"Haye, sawa," Rukiyo akanikata. "Kaunti ikija utaiambia yote hayo, na mimi nitakaa chini nikusikilize mpaka mwisho, wallahi. Sasa hivi watoto wanalia na wewe una tanuri. Utafungua au hufungui?"

Nilitazama lile bati. Nikaenda nikaliondoa jiwe mwenyewe. Kuku alikuwa amepenya kwenye pengo kando ya bati, akataga ndani.

"Alhamdulillahi," Alio akasema. "Tanuri imeanza kutoa chakula kabla ya moto."

Wakacheka, na mimi nikacheka, na nilijishangaa kwa sababu sikukumbuka mara ya mwisho kucheka na watu hawa.

Kisha likaja suala la hamira.

Abdullahi alisema makopo yake ya hamira yalikuwa rafu ya chini, yamekuwa uji. Tukamtazama Rukiyo. Hapo lazima nieleze, kwa sababu mambo yote yamekaa hapo. Rukiyo anauza anjera, zile chapati laini zenye matundu, na unga wa anjera huumuliwa kwa chachu, ule ugiligili mchachu unaobaki chunguni kutoka jana. Katika Bulla Tuta hakuna mwanamke anayenunua hamira ya anjera. Kila mmoja huchukua chachu kwa Rukiyo, na Rukiyo aliitoa kwa mama yake huko Lafey. Chachu haiuzwi na haikatazwi. Ila wana desturi yao: ukipewa, kabla hujaitia kwenye unga wako, unataja ilikotoka. Unasema hii ni ya Rukiyo, ya mama wa Rukiyo, ya Lafey, ndipo unasema bismillahi. Samsam aliwahi kumwambia Mueni kwamba chachu isiyotajwa ni kama mtoto asiyejulikana baba yake. Utamlisha, lakini kila siku utamtazama uso.

"Chungu yangu ilikwenda na jikoni yangu, na za wengine zimeingia maji," Rukiyo alisema. "Niliiona ikielea kama bata. Saa hizi iko Garsen, huko chini mtoni, inawasalimia watu."

"Hamira niachieni mimi," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema kwa haraka hivyo. Nadhani ni kwa sababu watu walikuwa uani kwangu na sikutaka waondoke.

"Unayo?"

"Fundi hakosi kitu."

"Basi Mungu akuzidishie," Rukiyo akasema, akaanza kuwapanga watu kama askari.

Nataka ijulikane kila mmoja alileta nini. Abdullahi alifungua gunia bora, la unga mweupe, si lile lililoingia wadudu. Samsam na wanawake wengine wawili walikanda, wamepiga magoti kando ya karai langu la kukorogea zege nililolisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Madebe ya mafuta ya kupikia yalikatwa yakawa vibati vya kuokea. Rukiyo alileta sukari, na hiyo sukari alikuwa ameificha ndani ya mtandio wake tangu Jumanne, kwa ajili ya chai yake, maana yule mama bila chai ya sukari kichwa chake hugonga kama kinu. Alinimwagia yote kwenye kikombe. "Ya kuamshia hamira yako," alisema.

Alio alikwenda akarudi akiburuta mkokoteni wake.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Kuni."

"Alio, hiyo ndiyo kazi yako."

"Kazi yangu ilikuwa punda, fundi. Punda ameenda. Hii ni mbao tu." Akainua shoka. Mbao zile zilikuwa kavu kama mfupa, za mninga, nilimsaidia mwenyewe kuzipigilia misumari mwaka alioanza. Alipasua ubavu wa kwanza bila kusema neno. Wa pili akasimama kidogo, akapangusa macho kwa kiwiko, akaendelea.

Mimi nikaingia ndani kutafuta hamira.

Chini ya kitanda changu kulikuwa na jerikeni ya muratina. Huku Garissa kitu hicho hakitajwi. Lakini mjane mwanamume jioni zake ni ndefu, na mimi nilikuwa natengeneza kidogo, sukari na asali na lile tunda kavu la muratina ninaloletewa kutoka kwetu. Mwalimu Morris, ambaye ni mtu wa Makueni, alikuwa akija kuonja. Watu wawili tu wasiokuwa Waislamu juu ya tuta lile, na hiyo ndiyo ilikuwa siri yetu.

Kwetu pombe hii si aibu. Mzee humwagia wahenga kabla ya kunywa. Na povu lake huumua unga kuliko hamira ya kopo. Mama yangu aliumulia nalo uji wetu tukiwa wadogo na hakuna aliyelewa. Nilifikiri hivyo nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Nilifikiria unga. Nilifikiria harufu ya asubuhi za Mueni. Midomo ya watakaokula sikuifikiria, au nilijiambia kwamba siifikirii. Nikachota povu na machicha, nikachuja kwa kitambaa, nikakoroga na maji ya vuguvugu na sukari ya Rukiyo.

Nilipotoka nje nikajikuta nimefunika kikombe kwa kiganja. Hapakuwa na nzi. Mvua ilikuwa imekatika. Mkono ulijua kabla ya kichwa.

Samsam akapokea kile kikombe kwa mikono miwili. Akanitazama, akingoja. Nikaelewa anangoja nitaje.

"Ni hamira tu," nikasema.

"Haye, hamira tu," akasema, akamimina, "bismillahi."

Ule unga uliumuka. Sijawahi kuona unga ukiumuka vile. Ulipanda karaini ukataka kutoka, watoto wakaja kuutazama, Alio akasema huu unga una haraka kuliko serikali. Nilipanga moto, nikausubiri uwe makaa, nikafagia sakafu ya tanuri kwa majani mabichi kama Mueni alivyokuwa akifanya, nikaingiza madebe. Alasiri ile harufu ilitoka. Watu walitoka nyumba zote tisa bila kuitwa, hata shehe wa bulla na wajukuu zake. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye hakuwa amesimama tangu maji yaje, naye alikuja ameshikwa.

Tuliketi chini uani kwangu. Rukiyo akashika mkate wa kwanza, ukamchoma, akaupuliza, akaukata kwa mkono. Watu wakangoja. Akasema bismillahi, na wote wakasema. Kisha, kabla ya kutia mdomoni, akaniangalia, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mungu amrehemu Mueni. Alitulisha akiwa hai, leo anatulisha tena."

"Amin," wakasema wote.

Hapo ndipo kitu kilipoanguka ndani yangu. Niliwaona wakiweka kinywani. Nilimwona Samsam akimtafunia mtoto kidogo, akimtia kwa kidole. Ningeweza kusema wakati ule. Mkate wa pili ulikuwa bado mzima. Nilifungua mdomo, Alio akanisukumia kipande, akasema, "Kula, fundi, leo wewe ni mkubwa wetu," na nikakishika mkononi mpaka kikapoa.

Mwalimu Morris alikula cha kwanza haraka. Cha pili alikitafuna polepole. Halafu akaniangalia kwa jicho moja.

Alinifuata nyuma ya tanuri. "Mzee," akasema chini chini, "huu mkate mimi namjua mama yake."

"Nyamaza."

"Si ni ule wa chini ya kitanda?" Alikuwa anajizuia kucheka mpaka mabega yanatikisika. "Wewe mtu wa Meru, umewapa shehe na wajukuu zake muratina, na wamekuombea dua."

"Moto umemaliza yote. Si moto unamaliza?"

"Moto umemaliza. Hata sayansi inasema hivyo, karibu yote." Akaniwekea mkono begani, sasa hacheki. "Mimi siwezi kusema. Na wewe usiseme. Funika kombe mwanaharamu apite. Boti zitakuja, watasahau."

Ni maneno mazuri, methali ya watu wa kale. Lakini nilipoyasikia yakitoka kwa mwalimu wa serikali, nilijua nimewahi kuyasikia kwa maneno mengine. Nilikuwa nimeyasikia hospitalini, nilipouliza mafuta ya gari yalikwenda wapi. Nilikuwa nimewasema watu miaka miwili kwa jambo hilo hilo: walijua, wakanyamaza, wakatuacha tule.

Pengine moto kweli unamaliza. Mimi sijui, sikusoma. Pengine shehe akiulizwa atasema hakuna neno. Lakini wa kuuliza ni mwenye kula, na mimi sikumpa nafasi ya kuuliza.

Walipoondoka nilitoa jerikeni, nikaimwaga mtoni. Nikachukua donge la unga lililobaki kwenye karai kwa ajili ya kuumulia kesho, nikalirusha nalo. Nikasugua karai kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikatoka damu. Nilijiambia: basi. Imekuwa mara moja. Kesho tunaanza upya, safi.

Ijumaa nilioka mkate bila chachu. Nilisema hamira imeisha. Walikanda wakingojea unga uumuke, haukuumuka. Ulitoka tanurini ukiwa kama kitu cha kujengea.

"Fundi," Alio akasema, akiugonga mkate kwa ukucha, "ukitaka kutujengea nyumba si useme tu. Hii si ni tofali?"

"Lowesha kwenye chai," Rukiyo akamwambia.

"Chai gani, ayeyo?" Alio akauliza, akimwita bibi kwa Kisomali. "Sukari si ulimpa fundi?"

Wakacheka. Hakuna aliyenilaumu. Wametoka kuswali, wamekaa uani kwangu na nguo zao za Ijumaa zilizopata matope, wanatafuna tofali, na mzee yule mgonjwa alilowesha wake kwenye maji matupu akaniambia ahsante. Ningepigwa ningeona nafuu. Mimi nikipewa unga mbovu wa msaada huwa naurusha mlangoni kwa chifu.

Nilikwenda nikaketi peke yangu kando ya maji. Alio alinifuata, akachuchumaa.

"Usijali, walaal, ndugu yangu. Hata ya Mueni siku zingine ilikuwa inaungua."

"Alio, ule mkokoteni..."

"Achana na mkokoteni."

"Nikikwambia umeuchoma bure?"

"Bure vipi? Si tulikula? Kama ningechoma kwa kitu haramu ndiyo ningelia." Akaokota kijiti, akakirusha majini, tukakitazama kikienda. "Watoto wangu walilala wameshiba. Hiyo mbao imefanya kazi nzuri kuliko punda."

Maneno yalikuwa kwenye ulimi. Nayasema hapa ili mjue hayakuwa mbali. Sikuogopa kupigwa; Alio hajampiga mtu. Niliogopa kunyamaziwa. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikiwanyamazia wao, najua jinsi ukimya wa ua na ua unavyokuwa. Nikayameza.

Jumamosi asubuhi Rukiyo alikuja mapema, Samsam nyuma yake, na Samsam amebeba kichwani ndoo iliyofunikwa sahani.

"Mimi nilijua," Rukiyo akasema hata kabla hajaketi. "Nilijua mwanamume hawezi kutunza chachu. Alhamisi wakati wanakanda nilisema, Rukiyo, huyu fundi kesho atakuwa ameosha karai."

"Umejuaje?"

"Mwanamume akipata chombo chafu anaosha. Akipata safi anachafua. Samsam, funua."

Samsam akafunua ndoo. Ndani kulikuwa na ugiligili mweupe, umejaa mapovu, unapumua.

"Nilichukua donge kidogo kwenye ile unga yako ya Alhamisi," Rukiyo akasema, "nikaitia kwa maji na unga, nikaikalisha kando ya moto. Angalia. Ina nguvu hii chachu, wallahi, hata ya mama yangu haikuwa hivi. Jana usiku imesukuma sahani."

Nikashika ukuta wa tanuri.

"Basi tutaitumia leo tu," nikasema. "Leo tu, halafu..."

"Leo tu?" Aliniangalia kama anaangalia mtu mwenye homa. "Nimegawa, fundi. Nyumba zote. Jana jioni kila mama alikuja na kikombe yake. Unafikiri watu watakula tofali lingine?"

"Nyumba zote?"

"Zote. Hata shehe amekula anjera asubuhi. Ametuma salamu."

Samsam akaanza kucheka kwa uso wangu ulivyokuwa. "Ayeyo, umemtisha. Anafikiri tumemwibia."

"Hakuna wizi kwa chachu," Rukiyo akasema. "Si kama pesa ya kaunti." Na akaniangalia, akingoja nicheke, kwa sababu hilo lilikuwa neno langu, alilichukua kwangu ili anifurahishe.

Tulioka Jumamosi kwa chachu ile. Mimi ndiye niliyewasha moto. Kuni zilizobaki zilikuwa magurudumu ya mkokoteni na mti wa kufungia punda. Mikate ilitoka mirefu, ya rangi nzuri, na Samsam alikuwa ameuliza namna Mueni alivyokuwa akiipaka maziwa juu, basi ikang'aa. Mtoto wake alishika ukoko akautembeza uani kama farasi. Watu walikaa kwangu mpaka giza likaingia, wakapiga soga, wakaniuliza habari za kwetu Meru, na mtu mmoja aliniuliza Mueni alizikwa wapi, swali ambalo sikuwahi kuulizwa. Nikawaeleza. Nilikuwa na furaha na nilikuwa naungua, yote mawili kwa pamoja, kama mtu aliyekaa karibu mno na moto siku ya baridi.

Jumapili boti ilikuja.

Ilikuja na watu watatu wa jaketi za rangi ya machungwa, magunia machache ya mahindi, na bwana mmoja wa kaunti mwenye viatu safi aliyeshushwa mgongoni mwa mtu asilowe. Nyuma yake kijana wa kamera. Yule bwana alisema poleni, akasema serikali iko pamoja nanyi, akauliza kama tuna malalamiko.

Watu wote wakageuka kuniangalia.

"Sema wewe, fundi," Alio akasema. Akanisukuma mgongoni polepole. "Siku yako imefika."

"Msikilizeni huyu," Abdullahi akamwambia yule bwana. "Huyu ndiye anajua kusema na nyinyi."

Wakanipisha njia. Watu waliokuwa wakinikwepa kwenye baraza sasa walikuwa wananipisha ili niwasemee. Kijana akanielekezea kamera. Nilikuwa nimengoja siku hiyo tangu nilipokalishwa kivulini na yule dereva. Maneno nilikuwa nayo yote, nimeyapanga kama matofali: mlijua. Mlijua kinachokuja, mkaona ni rahisi kunyamaza, mkatuacha sisi tukipokee mdomoni.

Nikafungua mdomo, nikaona mkono wangu umefunika kifua kama ulivyofunika kikombe.

"Tunashukuru kwa mahindi," nikasema.

Yule bwana akatabasamu. Alio akanitazama kwa mshangao. Mwalimu Morris aliangalia chini.

Boti ilikuwa inageuzwa kurudi. Rukiyo akaja mbio mbio, anapita katikati ya watu, ameshika kopo lililofungwa mdomo kwa kitambaa na uzi. Alimpa mwenye boti.

"Hii ni ya binti yangu Amran, yuko Galbet, karibu na msikiti, ukiuliza Amran wa anjera kila mtu anamjua. Mwambie dada yake wa Mandera naye anataka, amgawie. Usiitikise. Usiweke juani."

"Ni nini, mama?"

"Chachu. Imetulisha kisiwa." Kisha akashika mkono wa yule mtu asiende. "Ngoja. Lazima ujue ya kusema. Amran atakuuliza, yeye ni mkali kwa hiyo kuliko mimi, hawezi kuitia kwenye unga kabla haijatajwa. Sema ni ya Rukiyo. Lakini Rukiyo alitoa kwa fundi."

Akageuka. Watu wakageuka naye: Alio asiye na mkokoteni, Samsam na mtoto ameshika ukoko, Abdullahi, yule mzee mgonjwa, na mwenye boti amesimama mguu mmoja majini ameshikilia kopo mbali na nguo zake. Mdomoni mwa kopo kitambaa kilikuwa kimeanza kupanda.

"Fundi, hii kitu sikukuuliza siku ile, tulikuwa na njaa," Rukiyo akasema. "Wewe uliitoa wapi?"